Konsoli ya Mtu Mmoja na Konsoli ya Kibanda

Ukisoma magazeti ya gemu ya Ulaya na Marekani, utaona ushindani wa Sony, Microsoft na Nintendo ukipimwa kwa vigezo vilevile kila mwaka: nguvu ya mashine, uzuri wa picha, na gemu ambazo kampuni moja inazo na nyingine haina. Kwa miaka mingi anayependa vita vya Halo ameshauriwa achukue Xbox. Anayetaka God of War au Spider-Man anaelekezwa kwa PlayStation. Mwenye watoto wanaompenda Mario anaambiwa anunue Switch. Vigezo hivyo vina ukweli wake, lakini vyote vimejengwa juu ya jambo moja ambalo waandishi hao hawalitaji, kwa sababu kwao ni la kawaida mno: anayenunua konsoli ndiye atakayeicheza, akiwa nyumbani kwake, kwa stima yake na intaneti yake.

Soweto East, kijiji cha Kibera jijini Nairobi kilicho upande wa barabara ya Mbagathi, vijana wengi hawaishi hivyo. Anayenunua mashine ni mmoja, wanaoicheza ni umati, na katikati yao kuna kibanda. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini PlayStation imetawala Kibera, na Kawangware vilevile, ilhali Xbox ni ya kutafutwa kwa tochi na Nintendo karibu haijulikani, asianze na mchezaji. Aanze na mwenye kibanda na hesabu zake.

Kibanda chenyewe ni chumba cha mabati, mara nyingi cha futi 10 kwa 10, ukubwa uleule wa nyumba nyingi za Kibera. Televisheni mbili, tatu au nne zimepangwa ukutani. Konsoli zimefungiwa ndani ya sanduku la mbao au wavu wa chuma, na kinachotoka nje ni nyaya za padi tu. Kuna benchi mbele ya kila skrini na pazia mlangoni ili jua lisififishe picha. Malipo ni kwa mechi: shilingi 10 au 20 penye PS3, na kuanzia 20 hadi 50 penye PS4 au PS5, ikitegemea mtaa na hali ya mashine. Mwenye kibanda, au kijana aliyeachiwa kazi, hukaa karibu na mlango akihesabu mechi na kupanga zamu.

Mara nyingi anayeshindwa ndiye anayelipa, na mshindi anabaki kwenye benchi kumsubiri mwingine. Utaratibu huu una nguvu kuliko unavyoonekana. Mchezaji hodari anaweza kuketi alasiri nzima bila kutoa shilingi, maana mechi zake zote zimelipiwa na aliowachapa. Anayejifunza ndiye anayegharamia. Ndiyo sababu mtoto wa darasa la sita haendi kwenye skrini ya PS4 wanakochezea wakubwa, bali anakimbilia PS3 ya kona ambako kushindwa ni kwa shilingi 10. Mashine ya zamani inaendelea kuishi pembeni mwa mashine mpya kwa sababu ina wateja wake hasa, wale ambao bado wanapigwa.

Konsoli katika chumba hicho ni kama matatu: mwenyewe hainunui ili aiendeshe, anainunua ili ilete pesa kila siku, na kila uamuzi kuihusu unaanzia kwenye mafuta, vipuri na idadi ya abiria. Tuchukue mfano. Tuseme PS4 iliyotumika imenunuliwa kwa shilingi 25,000 na mechi ni shilingi 20. Zinahitajika mechi 1,250 kurudisha bei ya mashine peke yake, kabla ya kodi ya chumba, stima, padi mpya na malipo ya kijana. Kila mechi ikichukua dakika 10, hizo ni kama saa 208 za watu kukaa mbele ya skrini. Kibanda kikifunguliwa saa 10 kwa siku na benchi likawa na watu nusu ya muda huo, mashine inajilipa kwa takriban siku 42. Sasa tuseme PS5 ni shilingi 75,000 na mechi ni 50. Mechi 1,500 zinatosha, na kwa hesabu tupu tofauti haionekani kubwa. Lakini mtu wa shilingi 50 si yule wa shilingi 20. Fundi wa mjengo anaweza kuzitoa Jumamosi jioni baada ya kulipwa. Jumanne mchana, benchi la PS5 linakaa tupu huku lile la PS4 likiwa na foleni. Mwenye kibanda anayeijua kazi yake hununua PS5 moja ya kuvutia macho, kisha anaishi kwa PS4.

Ukishika hesabu hiyo, utaona kwa nini soka limekula kila kitu. Katika gemu za soka za EA na Konami, anayesimamia anaweza kuchagua urefu wa mechi. Akiweka dakika tatu au nne kwa kila kipindi, mechi nzima inaisha kabla ya dakika 10, wawili wamecheza kwenye skrini moja, mmoja amelipa, na wengine wawili wanaingia. Hakuna kinachohitaji kuhifadhiwa ili kiendelezwe kesho. Linganisha na God of War au The Last of Us, gemu ambazo Sony huzitumia kujinadi duniani kote. Hizo humtaka mtu mmoja akae saa nyingi, akifuata kisa kimoja, akirudi kesho pale alipoishia. Kwa kibanda, mtu huyo anakalia viti viwili na analipa kwa saa pesa ambazo foleni ya soka ingelipa mara mbili au tatu. Kwa hiyo zile gemu zinazotajwa kuwa ndizo zilizoipa PlayStation ushindi mbele ya Xbox ndizo ambazo kibanda cha Soweto East kinazihitaji kwa uchache zaidi. Sony imeshinda hapa, lakini si kwa silaha inayojivunia.

Hata EA haichezwi hapa kama inavyotarajia yenyewe. Mapato makubwa ya gemu yake ya soka, iliyoitwa FIFA hadi toleo la 23 na sasa EA Sports FC, yanatokana na Ultimate Team, ambamo mchezaji hununua pakiti za wachezaji na kujenga kikosi chake mtandaoni. Kibandani hakuna wa kujenga kikosi cha mtu binafsi kwenye mashine ya watu wote. Huchezwa mechi ya kirafiki, timu inachaguliwa, mpira unaanza.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu ushindi huu una historia. Mashine za kwanza za gemu ambazo wengi wa Nairobi walizishika katika miaka ya 1990 zilikuwa za bei nafuu, zilizoiga Famicom, konsoli ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Zilitumia kaseti moja iliyojaa gemu nyingi, na Mario na Contra zilikuwemo. Nintendo basi ndiyo iliyofika kwanza, ila bila jina lake na bila senti kuirudia. Sony mwanzoni mwa miaka hiyo haikuwa na konsoli yake. Ilikuwa ikishirikiana na Nintendo kutengeneza mashine ya kusoma CD, na mwaka 1991 Nintendo ikauvunja mpango huo hadharani na kwenda na Philips. Sony ikaendelea peke yake, na Desemba 1994 PlayStation ikauzwa Japani.

CD ndiyo iliyoamua mambo mtaani. Kaseti ni ghali kutengeneza na ngumu kunakili; CD ni rahisi kwa yote mawili. PS2 ilipokuja mwaka 2000, ilisoma pia DVD, hivyo mtu mmoja aliweza kununua kifaa kimoja cha gemu na filamu. Mafundi wa mjini walijifunza kuitia chipu ili isome diski za kunakiliwa, na diski hizo zikauzwa kandokando ya barabara kwa bei ya chakula cha mchana. Kunakili kazi ya mtu bila kumlipa si jambo la kulisifu, na kampuni zilipoteza pesa halali. Lakini huwezi kueleza kwa nini mtoto wa Kibera wa wakati ule aliijua padi ya Sony kama kiganja chake bila kutaja diski zile.

PS2 iliuzwa takriban milioni 160 duniani, na kwa miaka mingi hakuna konsoli iliyoifikia. Kilicho muhimu zaidi kwetu ni kwamba ilikataa kufa. EA iliendelea kutoa FIFA kwa PS2 hadi FIFA 14, mwaka 2013, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa. Mwenye kibanda aliyekuwa na PS2 kuukuu bado aliweza kuwapa wateja vikosi vya msimu uleule uliokuwa ukionyeshwa kwenye televisheni ya jirani. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, iliachwa na Microsoft upesi mara Xbox 360 ilipokuja mwaka 2005. Kampuni inayomsukuma mteja kwenye mashine mpya baada ya miaka minne huenda inamfurahisha mwenye mshahara wa Seattle. Anayerudisha mtaji kwa shilingi 10 inamwacha njiani.

Ni rahisi kusema Xbox haikupendwa hapa kwa sababu ni duni. Si kweli. Katika kizazi cha Xbox 360 na PS3, mashindano ya dunia yalikuwa karibu sare: PS3 iliuzwa zaidi ya milioni 87, Xbox 360 zaidi ya milioni 84. Nchini Marekani, Xbox 360 ilikuwa mbele. FIFA ilichezeka kwenye zote mbili bila tofauti ya kumtoa mtu machozi. Kilichoifunga Xbox 360 mtaani ni mambo madogo madogo ambayo ukiyatazama moja moja unaweza kuyapuuza.

La kwanza ni stima. Xbox 360 ilikuwa na kiboksi cha umeme kilicho nje ya mashine, na kile cha Marekani kilitengenezwa kwa volti 110. Binamu aliyeko Texas akikutumia mashine yake, ukiichomeka kwenye volti 240 za Kenya bila transfoma, zawadi huenda imekwisha. Baadhi ya Xbox zilifika Nairobi kwa njia hiyo, mikononi mwa jamaa wa ughaibuni, huku PlayStation nyingi zikiletwa na wafanyabiashara. Kisha gemu nyingi za Xbox 360 zilifungwa kwa maeneo, hivyo diski ya Marekani ingeweza kukataliwa na mashine ya Ulaya. Gemu za PS3, isipokuwa chache sana, zilisomwa popote.

Halafu joto. Xbox 360 ilikuwa na ugonjwa uliojulikana dunia nzima: taa tatu nyekundu, mashine imezima. Julai 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kugharamia matengenezo yake. Huo ulikuwa ugonjwa wa mashine zilizokaa sebuleni penye hewa ya kutosha. Sasa iweke chini ya mabati saa saba mchana mwezi wa Februari, ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kufuli, ikizunguka bila kupumzika. PS3 za mwanzo nazo zilikufa kwa joto, tuseme haki. Lakini PS3 ikifa, palikuwa na mtu wa kuipeleka kwake.

Naamini hapa ndipo penye kiini cha ushindani wote, na ndipo wachambuzi wengi hupapita mbio. Luthuli Avenue na River Road, mjini Nairobi, kuna mafundi ambao wamefungua PlayStation tangu ile ya kwanza. Wanajua lenzi inayochoka kwa vumbi, feni inayonguruma, mahali ambapo kifaa kidogo cha analogi kwenye padi hulegea na mchezaji kuanza kutembea mwenyewe kwenye skrini. Vipuri vimejaa kwenye makopo. Kibera na Kawangware zenyewe zina vijana waliojifunza kwao, wenye kichomeleo cha risasi na meza, wanaobadilisha analogi mteja akisubiri. Kilicho kingi hujifunzwa; kinachojifunzwa hutengenezwa kwa bei nafuu; kinachotengenezwa kwa bei nafuu hununuliwa tena. Xbox haikuwahi kuingia kwenye mzunguko huo. Hata sasa, mwenye Xbox iliyoharibika atampata fundi, lakini atalipa zaidi na kusubiri kipuri, na kila siku ya kusubiri ni siku ya skrini isiyoleta chochote.

Padi ya Xbox, ambayo kwa mikono yangu ni nzuri kuliko ya Sony, ina shida yake ya kibanda: ile isiyo na waya huja ikitumia betri za kawaida, mbili kila mara. Anayecheza jioni mbili kwa wiki haoni gharama. Padi inayopita mikono ya watu kuanzia asubuhi hadi saa tatu usiku itamaliza faida.

Na vidole vina kumbukumbu. Kizazi kilichokulia kwenye Winning Eleven na PES, gemu za soka za Konami, kilizoea kupiga shuti kwa kitufe cha mraba, na hata kilipohamia FIFA, wengi walibadilisha mpangilio wa vitufe ili mraba ubaki wa shuti. Kabla ya mechi kuanza utaona mtu akiingia kwenye mipangilio kwa sekunde chache bila kuangalia padi. Mtu huyo ukimpa padi yenye A, B, X na Y, anaweza kuzoea kwa nusu saa. Lakini nusu saa hiyo ni mechi tatu, na mechi tatu za kupigwa zinalipiwa.

Nintendo imekaa mbali zaidi, na nadhani inastahili kueleweka badala ya kupuuzwa. Switch ya mwaka 2017 ni kifaa cha kubebeka chenye skrini yake ndogo, padi zake mbili zinaweza kugawanywa kwa ndugu wawili, na gemu za Nintendo yenyewe hushuka bei mara chache hata baada ya miaka. Kwa mzazi wa mtaa wa kitajiri wa Lavington anayetaka watoto wacheze pamoja kitu kisicho na damu, ni chaguo zuri kuliko yote. Kwa kibanda ni hasara tupu: ni rahisi kuibwa, ni ghali kujazia gemu, na soka lake lilikuwa la kiporo. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, EA iliiuzia Switch gemu ileile ya zamani ikiwa imebadilishiwa jezi na vikosi tu. Kijana anayeifuata Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi angeitambua hitilafu hiyo mara moja.

Kwa hiyo ndani ya Soweto East, ukiuliza watu wanabishania konsoli gani, hutasikia Sony na Microsoft. Utasikia PS3, PS4 na PS5. EA ilitoa FIFA ya mwisho kwa PS3 mwaka 2018, nayo ni FIFA 19. Humo Messi bado yuko Barcelona na Ronaldo ndiyo kwanza amefika Juventus. Mtoto wa miaka kumi anayecheza humo leo anajifunza vikosi vya soka lililopita kabla hajaanza shule, na hajali, kwa sababu yuko pale kujifunza kukata krosi na kukaba. Kijana wa miaka 20 anayebishana kila Jumatatu kuhusu Arsenal hawezi kuvumilia. Anataka kikosi cha sasa, na PS4 inampa: EA bado iliitolea FC 26, zaidi ya miaka kumi tangu mashine hiyo iuzwe mara ya kwanza mwaka 2013. Ni hadithi ya PS2 ikirudiwa. PS5 ina wake pia, wanaokuja kwa sababu wachezaji wanatembea kama watu na nyasi inaonekana ni nyasi, na wanaojua kwamba kumchapa mtu kwenye PS5 mbele ya watazamaji kuna heshima zaidi.

Konami ilijiondoa yenyewe kwenye mchezo huu. Septemba 2021 iliigeuza PES kuwa eFootball, ya bure lakini iliyotegemea mtandao, na mechi za nje ya mtandao zikabaki na timu chache mno. Vibanda vilivyokuwa vya PES vikabaki na matoleo ya zamani au vikahamia EA. Wachezaji wengi wa eFootball wa leo wako kwenye simu, ambako haimgharimu mtu kitu zaidi ya bando.

Si wote ni watu wa soka. Kuna wapiganaji wa Mortal Kombat na Tekken, ambao pia wanafaa biashara kwa sababu raundi ni fupi. Brian Diang'a, anayejulikana kama Beast, ni mtoto wa Kibera aliyejipatia jina katika gemu za kielektroniki za mashindano kupitia Mortal Kombat. Mwenzake Sylvia Gathoni, Queen Arrow, mchezaji wa Tekken 7, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa ya XiT Woundz. Ninawataja pamoja makusudi, kwa sababu mmoja alitoka mahali ambapo kibanda ndicho mlango, na mwingine ni msichana, na mlango huo kwa wasichana umefungwa nusu. Hakuna tangazo linalowakataza. Lakini benchi limejaa wavulana, giza la jioni ni la kuogofya, maneno yanayorushwa kwa msichana aliyeingia peke yake yanatosha kumfanya asirudi. Watu wanaposema wasichana wa Kibera hawapendi gemu, wanahesabu waliomo kibandani. Wangehesabu simu, wangepata jibu jingine. Udhaifu mkubwa wa konsoli ya kibanda ni huu, na hakuna nguvu ya mashine itakayouponya.

Mwisho kuna mchezaji wa peke yake, yule anayetaka visa virefu, na kwa huyu ushauri wangu hubadilika. Kijana mwenye kazi aliyepanga chumba Kawangware, labda Gatina au Kabiro, mwenye mita ya tokeni na Wi-Fi, hana sababu ya kufikiri kama mwenye kibanda. Kampuni kama Poa! Internet zimepeleka intaneti ya bei ya chini katika mitaa kama Kibera na Kawangware, na jambo hilo linabadilisha hesabu yote. Kwake, Xbox Series S ni mashine ndogo isiyo ghali kama wenzake, na mfumo wa Game Pass, ulioanza mwaka 2017, una mamia ya gemu kwa ada ya mwezi. Lakini ajue kwamba Series S haina mahali pa diski. Hawezi kununua diski iliyotumika mjini, kuimaliza, na kuirudisha dukani akiongeza shilingi kidogo apate nyingine, utaratibu ambao umewalea wachezaji wengi wa Nairobi. Na gemu moja ya soka inaweza kuzidi gigabaiti 50. Kwa bando la simu hilo haliwezekani.

PlayStation nayo inaelekea huko. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila kisoma diski, mtu akikitaka anakinunua kando. Zaidi ya hayo, Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazotambuliwa rasmi na duka la mtandaoni la PlayStation, na wachezaji wetu hufungua akaunti za nchi nyingine na kununua kadi za malipo za huko. Diski imewaficha wengi wasione tatizo hilo. Siku itakapoondoka, mwenye kibanda atagundua kwamba Sony, iliyoingia mtaani kupitia diski, haijawahi kumwandikisha kama mteja.

Na wakati huohuo kibanda chenyewe kinapoteza ardhi. Soweto East ndiyo iliyochaguliwa kuanza KENSUP, mpango wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha mitaa ya mabanda. Septemba 2009 wakazi wa sehemu yake ya Zone A walihamishiwa ghorofa za muda za Lang'ata, na mwaka 2016 nyumba 822 zilizojengwa walikotoka zikakabidhiwa. Zone B sasa imo katika mradi wa nyumba za bei nafuu. Ghorofa humletea mtu mita yake, mlango wa kufunga na ukuta wa kuzuia vumbi, yaani masharti yote ambayo Xbox na Nintendo zilikuwa zikiyahitaji. Ndugu na dada wanaweza kugawana padi ndani ya nyumba yao, bila benchi la mtu. Hilo ni faida halisi, na kwa wasichana huenda likawa faida kubwa kuliko zote.

Lakini ghorofa hazina nafasi ya chumba cha mabati cha kodi ndogo. Kibanda kitakachobaki kitakuwa duka la chini lenye kodi ya duka, na kodi hiyo haiwezi kulipwa kwa mechi za shilingi 10. PS3 ndiyo itakayoondolewa kwanza, kisha bei ya PS4 itapandishwa, na mtoto aliyekuwa akijifunza kwa kushindwa kwa bei rahisi atabaki na simu ya mama yake, akiipata jioni mama akirudi kutoka kazini. Wanaopanga matumizi ya vyumba vya chini vya Zone B bado wanaweza kutenga kimoja kwa kodi ndogo, kiwe na skrini nne, saa za wasichana zinazojulikana, na mtu mzima mlangoni. Gharama yake haifiki ya kujenga uwanja, na wateja wake wapo tayari.